Kadi Zilizouzwa kwa Kilo

Jumatatu, 15 Machi 1993

Panya wamezaa ndani ya majalada ya mwaka sabini na nane. Nilivuta droo ya chini, nikakuta vitoto vyekundu visivyo na manyoya vimelala juu ya karatasi zilizotafunwa zikawa kama pamba. Nimefunga, ni Ramadhani; niliisukuma droo kwa mguu kwa kinyaa. Masika yameanza tangu alfajiri na stoo ya masjala inavuja kona zote. Maji yanayochuruzika ukutani yana rangi ya chai.

Katika hali hiyo Msajili wetu, Bwana Idarusi, akaniita ofisini.

"Bi Mwanakhamis, ile stoo tunaihitaji. Kuna mfanyabiashara ataipanga aweke mashine za kutoa nakala na nguo za mitumba. Wizara imesema vyuo vijitegemee."

"Na kumbukumbu zilizomo?"

"Zipunguze. Wewe ndiye mtaalamu."

Huyu ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa kwenye tawi hili la chuo kikuu. Ndiye aliyenifundisha kwamba kuhifadhi si kulundika. Waraka wetu unasema wazi: matokeo ya mitihani ni ya kudumu. Majalada ya utumishi hayaguswi mpaka mtu astaafu na alipwe haki yake. Kadi za zahanati na mashauri ya nidhamu hukaa miaka saba baada ya mwanafunzi kuondoka, kisha huchomwa moto mbele ya mashahidi. Kwa miaka mingi nimeomba kadi hizo zichomwe, na kila mwaka najibiwa hakuna mafuta ya taa. Kwa hiyo leo nilitoka ofisini kwake karibu nifurahi.

Naanza daftari hili kwa sababu ofisini siku hizi hakuna anayeandika jambo kama lilivyotokea.

Alhamisi, 18 Machi

Tunachambua, mimi na Bibiana, karani wangu wa masjala. Tumejifunga khanga puani. Karatasi zilizolowa zimegandana, ukizibandua zinatoa harufu ya mkojo wa panya na kitambaa kilichooza. Kucha zangu zimekuwa nyeusi na haziondoki hata kwa ndimu.

Bibiana ananichekesha. Ni Mbondei, mjane, ana watoto wanne, na akiokota jalada humsalimia mwenye jina: "Shikamoo mzee, bado tu upo hapa?"

Jumatatu, 22 Machi

Mvua. Umeme wa mgao umekatika tangu jana. Tumechambua kwa mwanga wa dirisha.

Idd

Nimeoga mara mbili, na bado kwenye meza ya pilau nilihisi nanuka stoo.

Jumanne, 30 Machi

Tumemaliza. Za kubaki zimehamia chumba kidogo nyuma ya maktaba. Za kuchoma tumezitia kwenye magunia, nikayashona midomo mwenyewe kwa sindano na katani. Nimemwomba Msajili mafuta ya taa.

"Subiri mvua ipungue," amesema. "Karatasi mbichi haziwaki."

Kweli haziwaki. Nimemwamini.

Jumatano, 7 Aprili

Magunia hayapo. Jana yalikuwa gereji ya chuo, leo pana alama tu za mahali yalipokaa, saruji kavu katikati ya saruji mbichi. Nilimuuliza dereva wa chuo, akatazama matairi. Nilimuuliza Msajili.

"Yameshughulikiwa."

"Yamechomwa? Mashahidi walikuwa nani?"

"Bi Mwanakhamis," akasema, akiwa amekwisha kuinamia karatasi nyingine, "yameshughulikiwa."

Jumanne, 13 Aprili



Jioni nilipita kwa Shehe, muuza kachori wa mtaa wa Makorora, kumnunulia mama. Watu walikuwa wamejikinga mvua chini ya bati lake, wanaume kwa wanawake, wanacheka kwa namna ile ya kufunika mdomo. Mmoja alikuwa anasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi iliyofungiwa kachori, anatafuna na kusoma, anatafuna na kusoma. Jina, umri, bweni. Kisha maneno ya mganga. Kila akifika kwenye neno la aibu, wenzake wanamwambia, "Rudia hapo, rudia."

Niliujua muhuri kabla sijalijua jina. Muhuri wa zahanati ya chuo, wa zambarau, ule ule. Na jina lilikuwa la Tuhfa Amour.

Tuhfa ni mtu wa kwetu, wazazi wake walitoka Pemba pamoja na wangu. Alisoma chuoni kwetu zamani, sasa ana chekechea barazani kwake, nyumba ya nne kutoka kwa Shehe. Nusu ya waliokuwa wakicheka wanamletea watoto wao kila asubuhi.

Ugonjwa ulioandikwa sitauandika hapa. Ulitibiwa, ukaisha, na msichana akaendelea na masomo. Lakini ni wa aina ambayo watu wa siku hizi, na khofu yao ya UKIMWI, hawahitaji kusoma mara mbili.

"Ndiyo maana hakuolewa tena," mwanamke mmoja akasema.

"Na anawalisha watoto uji kwa mikono yake!"

Nikainyakua ile kadi mkononi mwa yule bwana. Kachori zikaanguka topeni. Akanitukana. Nikamwambia Shehe anipe karatasi zake zote za kufungia. Akasema, "Dada, nimezinunua." Nikatazama rundo lake: kadi, kadi, kadi, juu yake kisu cha vitunguu, na mafuta yameshaloweka majina ya watu. Nikaondoka na kadi moja tu, ya Tuhfa, bila kachori za mama.

Jumatano, 14 Aprili

Nilimpelekea Tuhfa kadi yake. Niliona bora aipate kwangu kuliko aisikie dirishani.

Ilikuwa asubuhi na baraza lilikuwa na watoto wachache. Alikwisha kuisikia. Aliifungua, akaisoma taratibu kama anasoma habari za mtu mwingine, akaikunja.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," akasema. "Mume niliyepewa alikuwa mkubwa, msafiri. Nilipojua alichoniletea, niliacha mahari, niliacha nyumba, nikarudi chuoni. Hata mama yangu sikumwambia kwa nini. Nilimwambia yule mganga wa zahanati peke yake, kwa sababu alisema hapa ni baina yako na mimi."

 Nikamwambia nitazitafuta zilizobaki.

"Zangu ni hii moja," akasema. "Lakini nenda. Kuna wengine."

Ijumaa, 16 Aprili

Nimezunguka Ngamiani yote. Karanga, mihogo, samaki, ubuyu. Kila muuzaji ana karatasi zetu zimetungwa kwenye msumari. Wengine wamenipa, wengine wamenilazimisha ninunue chakula kwanza. Kapu langu limejaa vyakula vilivyofungwa kwenye magonjwa ya watu. Siwezi kula, na siwezi kumpa mtu. Nimewamwagia kunguru.

Muuza samaki mmoja ameniambia, "Mbona wasomi mnaona haya leo? Karatasi zimetoka kwenu."  Ndivyo ilivyo.

Wote wanasema walinunua kwa Hakimuddin.

Jumatatu, 19 Aprili

Nilikwenda kwa Hakimuddin nimeshaandaa matusi. Duka lake ni la zamani, la unga, vifungashio na kamba. Toka utotoni nimesikia watu wakisema Mhindi yule wa Kibohora atauza hata kivuli chake, nami nimesema vivyo hivyo. Nilimkuta amekaa nyuma ya mizani, mzee, kofia nyeupe yenye uzi wa dhahabu. Nikasahau hata kumwamkia.

"Wewe ndiye unayeuza siri za watu?"

Akanitazama. "Mimi ninauza karatasi, mama. Nimeuziwa na chuo. Gari la chuo limeleta, na risiti ya chuo ninayo. Kwani ni siri gani?"

Nikaitupa kadi moja mezani. Akavaa miwani. Alisoma mistari miwili, akavua miwani, akaigeuza kadi kifudifudi na kuweka kiganja juu yake.

"Sugra!" akaita.

Mkewe akatoka ndani, amevaa rida, vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya maziwa, mikono ina unga. Hakimuddin akamwambia jambo kwa lugha yao. Bi Sugra akajifuta unga mikononi.

"Mimi nilijua," akasema. "Yeye macho hayaoni vizuri, anapima tu. Gunia la kwanza lilipofunguliwa nikaona majina ya wasichana. Nikamwambia mtumishi, hizi za wanawake usiuze, lete kwangu. Lakini nyingi za gunia lile zilikuwa zimekwisha kuuzwa."

Akanipeleka ukumbini. Nyuma ya kochi, chini ya shuka la maua, palikuwa na magunia ambayo katani yake niliitambua kwa macho, na juu yake furushi la kadi alizozichagua mwenyewe.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nimwambie nani? Niende chuoni niseme mume wangu amenunua nini? Nilikuwa ninangoja mtu aje kuuliza. Umechelewa kuja, binti yangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka adabu. "Shikamoo," nikamwambia. "Marahaba," akasema, "kaa unywe chai."

Hakimuddin amekataa kuuza hata karatasi moja zaidi. Nimemshukuru, lakini sikumwomba radhi kwa nilivyoingia. Inanikera.

Jumanne, 20 Aprili

Msajili amenikalisha kwenye kiti cha wageni, jambo asilolifanya.

"Nasikia unapita mitaani unazua fitina."

"Bwana Idarusi, umeuza kadi za zahanati."

"Karatasi. Nimeuza karatasi. Chuo hakina chaki, hakina dizeli, walimu hawajapata mshahara. Nchi nzima inauza ilicho nacho, wewe unataka tuchome moto?"

"Waraka unasema zichomwe. Wewe ndiye uliyenisomesha waraka huo."

"Waraka ni wa enzi zile." Akasogeza hati mbele yangu. Hati ya uteketezaji: kwamba kumbukumbu zilichomwa kwa utaratibu, mbele ya mashahidi, mkuu wa masjala na karani wake, yaani mimi na Bibiana. Tarehe imekwisha kuandikwa.

"Tia sahihi. Na nikwambie kwa upole, kwa kuwa nimekulea kazini. Punguzo la wafanyakazi linakuja mwezi ujao. Majina napeleka mimi."

Alinikabidhi kalamu yake. Ilikuwa na jasho la vidole vyake, yenye joto, na nikaona kinyaa kile kile nilichokiona mbele ya vitoto vya panya. Bora hata panya, wao hawakuwahi kunifundisha kitu.

Nimeirudisha kalamu mezani.

Alhamisi, 22 Aprili

Bibiana ametia sahihi.

Ameniambia mwenyewe, tukiwa tunafunga dirisha. "Dada, wewe una mama tu. Mimi nina wanne na sina mwanamume."

Niliondoka bila kumuaga. Njia nzima nilikuwa nikimtukana moyoni. Nilipofika nyumbani nikawa najitukana mimi, kisha tena yeye.

Jumatano, 28 Aprili

Baraza la Tuhfa ni tupu. Mikeka imekunjwa, vikombe vya uji vimepinduliwa. Mtoto wa mwisho ameondolewa jana na baba yake, naye hakuingia ndani. Alisimama kando ya mtaro akamwita kwa ishara, kama mtu anayeogopa kumwamsha mbwa aliyelala.

Mtu amebandika kipande cha karatasi chenye tusi mlangoni. Nimekibandua kabla Tuhfa hajatoka. Nimekitafuna, sikuwa na mahali pa kukitupa.

Tuhfa alikuwa jikoni anapika uji, sufuria kubwa, kama kawaida. "Sijui kupika kidogo," akasema.

Kaka yake yuko Horohoro, mpakani, anauza vitenge. Amemwandikia aende akakae huko. "Nikienda," Tuhfa akaniuliza, "watasema nini?"

"Watasema ni kweli."

"Na nikikaa?"

"Watasema ni kweli."

Akacheka. Sikutegemea kicheko. "Basi nipeleke kwa huyo Msajili wako," akasema. "Nataka kumwona aliyeniuza."

Jumatatu, 3 Mei

Nitaliandika hili lote.

Tulifika saa ya chai. Msajili alikuwa na mgeni, yule mfanyabiashara wa stoo, wanakunywa soda. Bibiana alikuwa amesimama na sinia. Tuhfa alivaa buibui lake jipya na viatu vya kazini. Aliingia bila kuitwa nami nyuma yake.

"Asalaam alaykum," akasema.

"Waalaykum salaam. Bibi, una miadi?"

"Naitwa Tuhfa Amour. Nilikuwa mwanafunzi hapa."

Jina alilijua. Mji mzima unalijua sasa. Aliweka chupa yake chini taratibu. "Karibu, mwalimu. Kama ni ile habari, chuo kinasikitika sana, uchunguzi..."

"Sikuja kwa uchunguzi." Akafungua mkoba, akatoa kadi. Imegeuka rangi ya kahawia kwa mafuta, katikati ina tundu. Akaiweka mbele yake, akaigeuza ili maandishi yamwelekee. "Soma."

"Mwalimu, haina haja."

"Soma kwa sauti. Muuza kachori amesoma. Wateja wake wamesoma huku wanatafuna. Wazazi wa watoto wangu wamesoma. Wewe ndiye uliyeiuza na hujaisoma. Soma, mimi niko hapa mbele yako."

Msajili akamtazama mfanyabiashara. Mfanyabiashara akatazama soda yake. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Ulisema umeuza karatasi tu," nikamwambia. "Basi isome."

Akanyoosha mkono, na badala ya kuishika kadi akavuta gazeti lililokuwa pembeni akaifunika. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayemfunika mwanamke aliyemkuta anaoga. Nilimwona anaelewa alichokifanya. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Kumbe unaona haya," Tuhfa akasema. "Mimi nilidhani huna. Nilidhani umeuza kwa kutojua. Kumbe ulijua ni aibu, na ukajua ni yetu, si yako."

Akaondoa gazeti, akachukua kadi yake, akaitia mkobani. Mlangoni akageuka kwa yule mfanyabiashara. "Na wewe, chumba unachopanga kimesafishwa kwa kutuuza sisi. Kipige chokaa vizuri."

Bibiana aliweka sinia sakafuni. Si mezani, sakafuni, akatoka nyuma yetu. Kwenye veranda alinishika mkono. "Dada, ile sahihi naweza kuifuta?"

"Huwezi kuifuta. Unaweza kuandika kwamba si kweli."

Akalia. Sikumbembeleza. Bado nilikuwa na hasira naye, na leo pia ninayo, lakini nilimwachia mkono wangu aushike.

Alhamisi, 6 Mei

Nimechoma.

Mpwa wa Hakimuddin ana tanuri la mikate karibu na soko. Mchana, mikate ikishatoka, tanuri hukaa na moto wake bure. Hapo karatasi mbichi zinawaka. Tulipeleka magunia kwa mkokoteni, tumeyafunika turubai. Hakimuddin alishuhudia, Bi Sugra alishuhudia, na Bibiana alikuja na watoto wake wawili wakubwa, wakabeba.

Tulitia kadi kwa makoleo bila kusoma. Bi Sugra alisisitiza hilo, kila aliyetupia neno jicho alimpiga begani. Zilianza kwa moshi mzito, zikatoa harufu ya stoo kwa mara ya mwisho, kisha zikashika moto.

Tuhfa aliitupa yake mwenyewe. Haikuchukua muda kuungua, ilikuwa imejaa mafuta.

Nimeandika taarifa kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo. Nimeandika nini kiliuzwa, kwa idhini ya nani, nini nimekipata, nini hakipatikani tena, na nini nimekiteketeza, wapi na mbele ya nani. Nimetia sahihi. Chini ya yangu Bibiana ametia yake, na ameongeza sentensi moja kwa mkono wake: "Hati niliyotia sahihi tarehe ishirini na mbili Aprili ni ya uongo."

Jumatano, 19 Mei

Majina ya waliopunguzwa yamebandikwa. Langu lipo. La Bibiana lipo. Baraza halijajibu taarifa yangu. Msajili amekwenda semina Dar es Salaam.

Kwenye ile stoo wamepaka rangi ya kijani. Suruali za mitumba zinaning'inia dirishani, zinanuka dawa ya mende.

Idd Kubwa

Hakimuddin ametuletea nyama, ingawa sisi si majirani zake wa karibu. Nimemwomba radhi kwa siku ile ya dukani. Ameniambia hakumbuki. Anakumbuka sana.

Jumatatu, 7 Juni

Jua. Mtaro wa Makorora umekauka, takataka zote zilizokuwa chini ya maji sasa zinaonekana.

Asubuhi nilikwenda kwa Tuhfa, tulipanga nimsaidie kufungasha kwa safari ya Horohoro. Nilimkuta ametandika mikeka na uji uko jikoni. "Siku ya mwisho," akasema, "kwa mazoea tu." Majirani walikuwa milangoni, mikono kiunoni, wanatutazama kama watu wanaongoja gari la wagonjwa.

Hapo akatokea Bi Sugra, anakuja katikati ya barabara na rida yake ya rangi ya maziwa, mkononi amemshika mjukuu wake wa miaka minne. Hakupita pembeni. Alimsalimia kila mtu mlangoni kwa jina, polepole, akihakikisha ameitikiwa.

"Mwalimu," akasema alipofika, "huyu anaitwa Shelina. Kwetu anatusumbua. Una nafasi?"

Tuhfa alitazama mikeka mitupu, akatazama nyuma yangu, kana kwamba anayeulizwa ni mtu mwingine.

"Ninayo," akasema.

Bi Sugra akamvua mtoto viatu, akamkalisha, kisha akakaa naye. Tuhfa alikwenda jikoni, akarudi na vikombe. Mtoto akanywa, akajipaka uji mpaka puani, akataka tena. Bi Sugra naye akanyoosha mkono apewe kikombe chake, akakinywa hadi mwisho, mbele ya mtaa mzima, akakilamba ukingoni kama mtoto.

Kwenye nyumba ya pili mama mmoja alikuwa bado amesimama na mwanawe ameng'ang'ania gauni lake. Hakuja. Lakini aliishusha mikono kutoka kiunoni, na mtoto alipochomoka akaanza kukimbia kuja kwetu, hakumwita arudi.